Mikeka ya Uzi

Jumamosi ile mikeka ilitandikwa, na Uzi hakutokea.

Kazi ya kuitandika ilikuwa ya mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Kila Jumamosi, wanachama wa klabu ya mbio wakiwa bado barabarani, yeye aliipakia mikeka kwenye mkokoteni wa karakana yake, akaisukuma hadi uwanja wa shule, akaipanga kwa safu kando ya ukuta wenye kivuli. Haikuwa mikeka ya dukani. Uzi aliikata mwenyewe kutoka kwenye zulia la sponji la ukumbi uliokuwa ukibomolewa, kila mmoja kwa kimo cha mwenyewe, na kila mmoja akaushonea pindo kwa nyuzi za kusukia nywele. Wa Mama Vifungo, mshonaji wa nguo, ulikuwa na pindo la zambarau. Wa mwenyekiti ulikuwa na pindo jekundu, kwa sababu alisema mwanamume hawezi kulalia rangi ya maua.

Uzi alikuwa dada mkubwa wa Fundi, msusi mwenye saluni ndogo karibu na kituo cha mafuta. Jina lile alipewa kwa kazi yake na kwa umbo lake: mrefu, mwembamba, anapindika bila kukatika. Asubuhi hiyo alikuwa na mteja wa mapema, msichana aliyekuwa na safari.

"Nyie kimbieni," alimwambia mdogo wake kwenye simu. "Mimi nitawakuta kwenye mikeka. Na huyo mwenyekiti wako asianze kunywa soda kabla sijafika, tumbo litamsokota akiinama."

Wakimbiaji walirudi wakitweta, jasho likiwachuruzika. Mwenyekiti, muuza vipuri vya magari na pikipiki aliyeitwa Injini kwa jinsi alivyopumua, alishika kiuno na kutazama huku na huku.

"Leo mwalimu ndiye mchelewaji! Akifika, pushapu hadi aombe msamaha!"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka. Simu yake ikalia, na binti aliyemsaidia Uzi kazi saluni akasema maneno machache tu: "Fundi, njoo. Njoo sasa hivi."

Uzi alikuwa ameanguka na kitana mkononi, kichwa cha mteja kimesukwa upande mmoja. Hospitali walimfikisha, lakini walimfikishia daktari mwili tu. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Fundi kwenye benchi, akamweleza taratibu kwamba mshipa wa damu kichwani ulikuwa mwembamba mahali fulani, pengine tangu kuzaliwa, na ulikuwa umepasuka. Ungeweza kupasuka akiwa usingizini, au akicheka.

"Hakuna alichofanya," daktari alisema. "Na hakuna ambacho angeacha kufanya. Umenielewa, baba?"

Fundi alielewa. Aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba akiwa ndani ya kisima.

Mikeka ilibaki uwanjani mpaka jua likawa la utosi. Hakuna aliyekumbuka kuikunja.

Yoga ilikuwa imekuja mtaani kwa njia ya goti. Uzi alikuwa mkimbiaji tangu shule, na kazi yake ilikuwa ya kusimama kutwa, kwa hiyo miguu yake haikujua kupumzika. Mwaka mmoja goti likamgomea. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia kwamba goti halikuwa na kosa. Misuli ya nyuma ya mapaja ilikuwa imekaza kama waya, nyonga zimefunga, na goti lililokuwa katikati ndilo lililobeba lawama. Akamfundisha mikao ya yoga na namna ya kupumua nayo. Hakumwambia aache kukimbia. Alimwambia akikimbia, asirudi nyumbani kabla hajaufungua mwili.

Baada ya miezi michache Uzi alikuwa akikimbia zaidi ya zamani, na bila kuchechemea. Hapo ndipo alipoamua kwamba kitu kile si cha mtu mmoja. Akaivamia klabu.

Mwanzoni walimcheka hadi wakashika mbavu. Injini ndiye aliyeongoza kwa dhihaka.

"Mimi nanyanyua gia boksi kwa mikono miwili, leo unataka nisimame mguu mmoja kama korongo?"

"Simama basi, tukuone," Uzi alimjibu.

Injini akasimama mguu mmoja, akayumba, akamwangukia Mama Vifungo, na Mama Vifungo akapiga kelele kwamba gari limemgonga. Kuanzia siku hiyo hakukuwa na mjadala. Mbio, kisha pushapu, kisha mikeka.

Na miili ikajibu. Mama Vifungo, ambaye bega lake lilikuwa limeganda kwa miaka ya kuinamia cherehani, siku moja aliinua mkono akashusha kopo la chumvi kutoka rafu ya juu, akakaa chini jikoni akalia. Vijana waliokuwa wakivutika misuli kila wiki wakaacha kuvutika. Waliokosa usingizi walilala. Injini mwenyewe, mtu ambaye mkewe alikuwa akimfunga kamba za viatu kwa sababu mikono yake haikufika, alijifunga mwenyewe, hadharani, halafu akazifungua akazifunga tena ili waliochelewa nao waone.

Mwisho wa mazoezi Uzi aliwalaza wote chali, taulo dogo usoni, kimya. "Hapa ndipo mwili unapoelewa ulichofundishwa," alisema. "Kimya, Injini. Unakoroma."

Fundi alikuwa na mkeka wake pia, wa pindo jeusi, mwisho wa safu. Kutwa nzima alikuwa mtu wa kuchuchumaa na kuinamia moto, na kilichomrudisha wima ni ile nusu saa. Hakuwahi kumwambia dada yake hivyo. Alimletea mkokoteni, basi.

Siku ya pili ya matanga, nyumba ya mama yao ilijaa mpaka barazani. Mahali pa kukaa hapakutosha, na mtu fulani wa klabu, kwa nia njema, akaleta mikeka. Ikatandikwa uani chini ya turubai. Fundi alitoka ndani akaona watu wakiikanyaga kwa viatu. Uzi hakuwa akiruhusu hata soksi. Chai ilikuwa imemwagikia pindo la zambarau, na mtoto alikuwa akichomoachomoa nyuzi za pindo la mkeka wa mama yake mwenyewe. Msiba ni msiba, Fundi alijiambia, watu wakae.

Akakaa ukutani. Mbele yake, juu ya mkeka wa pindo jekundu, alikuwa Injini, amekunja miguu, mgongo umenyooka kama mlingoti, mikono juu ya magoti. Alikuwa amekaa hivyo tangu chakula cha mchana.

"Mimi nilimwambia," Injini alikuwa akiwaeleza majirani. "Mungu shahidi wangu, nilimwambia. Mwili una mpaka. Mtu anakimbia, anapiga pushapu, anaruka kamba, inatosha. Haya mambo ya kuinama kichwa chini, matako juu, damu yote inashuka kichwani. Mshipa utaacha kupasuka?"

"Kumbe alikuwa akifanya hivyo?" aliuliza jirani mmoja.

"Kila siku! Na si hivyo tu. Anatulaza kwa mstari, tumefunikwa nyuso, kimya, watu wazima. Sasa niulize, ukilala hivyo kila Jumamosi unamwita nani? Kifo hakina macho?"

Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema astaghafiru, mwingine akasema hata yeye lile la taulo halikumkaa rohoni.

Fundi alihisi damu ikimpanda kutoka miguuni. Si maneno peke yake. Ni ule mkao. Miaka michache nyuma, katika msiba wa baba yake Injini mwenyewe, mtu huyu alishindwa kukaa chini na wanaume wenzake. Ilibidi aletewe kiti, akakaa juu peke yake kama mfalme, aibu imemjaa usoni. Sasa alikuwa amekaa sakafuni mchana kutwa bila hata kubadili mguu, juu ya mkeka aliokatiwa kwa kimo chake, akimsema vibaya aliyeukata.

Alifungua mdomo, kisha akasikia sauti ya mama yake ikimwita kutoka chumbani.

Mama yao alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Dirisha lilikuwa wazi upande wa uani. Alikuwa amesikia yote.

"Eti ni kweli, mwanangu?" aliuliza. "Mwanangu amejiua kwa mazoezi?"

"Hapana, mama. Daktari alisema ni mshipa, tangu kuzaliwa. Alisema hakuna alichofanya. Alinikalisha chini akaniambia."

"Daktari kasema moja, watu wanasema jingine," mama alisema. "Na watu ni wengi."

Kisha akaanza kulia upya, kilio tofauti na kile cha jana yake. Jana alilia msiba. Leo alilia kama mama anayejiuliza kwa nini hakumkataza mtoto. Fundi alisimama mlangoni, mikono imemning'inia, na ndipo alipojua hasa ni kitu gani kilichokuwa kikiibiwa ndani ya nyumba ile. Uzi alikuwa amekwenda, hilo halikuwa na la kufanya. Lakini walikuwa wakimfanyia mama yake kifo cha pili, na hicho kilikuwa na mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata klabu ilikusanyika uwanjani. Fundi alifika na mkokoteni. Alikuwa ameiosha mikeka yote kwa mikono yake, ameianika, ameishona palipochomoka, vibaya, maana mikono ya kuchomelea haijui sindano. Kabla hajashusha hata mmoja, Injini alipiga makofi kuita watu.

"Ndugu zangu. Kwanza tumkumbuke dada yetu." Wakasimama kimya. "Sasa, uongozi umeonelea hivi. Tunarudi kwenye mazoezi yetu ya asili. Mbio na pushapu. Haya mengine tumeona mwisho wake. Na hiyo mikeka, isikae bure. Itafaa dukani kwangu, vijana wawe wanalalia chini ya magari."

Kwa muda Fundi alidhani amesikia vibaya. Alitazama mikeka. Akaona mafuta machafu yakidondokea pindo jeusi, jekundu, la zambarau.

Fundi hakuwa msemaji. Katika klabu walikuwa wamezoea kumwona, si kumsikia. Ndiyo maana aliposema, hata waliokuwa wakinywa maji walishusha chupa.

"Mwenyekiti, kaa chini."

"Unasemaje?"

"Nimesema kaa chini. Hapo hapo ulipo. Kwani kuna ubaya?"

Injini alitazama watu, akacheka kidogo, akakunja miguu akakaa kwenye nyasi.

"Haya. Sasa inuka bila kushika kitu."

Akainuka. Aliinuka kama alivyofundishwa, uzito mbele, pumzi ikitoka puani, bila mkono kugusa ardhi, mwepesi kama kijana. Yote yalikuwa yamekwisha kabla hajafikiri. Mtu mmoja akacheka, halafu hakucheka tena.

"Nani alikufundisha hivyo?" Fundi aliuliza. Sauti ilikuwa ikimtetemeka na hakuizuia. "Kule msibani kwenu uliletewa kiti, watu wakakuita mfalme. Kwetu ulikaa chini tangu mchana mpaka jioni. Ulikalia kazi ya dada yangu ukasema kazi hiyo imemuua. Ulikuwa na mwili aliokutengenezea yeye, na mdomo wako mwenyewe. Mama yangu alikuwa dirishani! Unajua ameniuliza nini? Ameniuliza kama mwanawe alijiua. Daktari amesema mshipa ule alizaliwa nao. Wewe umesomea wapi, kwenye plagi?"

"Fundi, punguza sauti, mimi nakuheshimu kwa sababu ya msiba..."

"Usiniheshimu. Sema kweli."

Mama Vifungo akainua mkono juu, ule mkono wa bega lililokuwa limeganda, akaunyoosha mpaka sikio. Aliuacha pale juu.

Uso wa Injini ulikuwa umesawijika. Angeweza kusema neno moja dogo na mambo yangeisha, lakini mtu akishavuliwa nguo mbele ya watu hutafuta la kujisitiri, na yeye alitafuta kura.

"Tuwe na utaratibu. Wanaotaka mbio na pushapu tu, mikono juu."

Mikono ikapanda, mmoja mmoja, macho yakitazama chini. Wengi wao walikuwa wakitegemea vipuri vya Injini kwa pikipiki zao, na wengine lile la taulo lilikuwa limewaingia kweli. Fundi alihesabu kwa macho akaacha. Walikuwa wengi.

"Basi, imepita," Injini alisema. "Shusha mikeka."

"Mikeka haishuki. Si ya klabu. Kila uzi uliomo humu ni wa dada yangu."

"Hata wangu?"

"Hata wako."

Akageuza mkokoteni. Gurudumu lilikuwa likilia, na uwanja mzima ulilisikia likilia mpaka likatoka getini.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kirefu cha mabati, nondo upande mmoja, milango ya chuma isiyopakwa rangi upande mwingine. Alifagia chenga za chuma, akamwaga maji, akafagia tena. Jumamosi iliyofuata, mbio zilipokwisha, akafungua lango lote na kutandika. Alikuja Mama Vifungo, na binti wa saluni, na vijana wawili ambao hawakuwa na pikipiki.

Na alikuja mama yake. Mama Vifungo ndiye aliyemleta, amemshika mkono, akimwambia njiani jambo alilokuwa amelirudia wiki nzima: kopo la chumvi, rafu ya juu, mkono.

"Nimekuja kutazama tu," mama alisema. "Nataka kuona kilichokuwa kikimtoa mwanangu nyumbani asubuhi."

Alikaa kwenye kigoda akatazama. Fundi hakuwa mwalimu. Alisahau mkao mmoja, akachanganya kulia na kushoto, lakini pumzi aliikumbuka: vuta puani, shusha polepole, kama dada alivyokuwa akiwahimiza. Wiki iliyofuata mama alivua kandambili. Wiki nyingine akakaa kwenye mkeka wa Uzi, mrefu kupita kimo chake, pindo la njano. Mgongo wake, alisema, ulikuwa umefunga tangu siku ya msiba kama mtu aliyebebeshwa gunia asiloliona.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo, mwisho wa mazoezi, alilala chali na wengine. Fundi alikuwa ameacha kugawa taulo. Hakutaka maneno.

"Na taulo je?" mama aliuliza, macho kwenye mabati. "Binti yangu alikuwa akiwapa taulo."

Akampa. Mama akajifunika uso mwenyewe, akatoa pumzi ndefu, akatulia. Fundi alisimama kando ya mashine ya kuchomelea, akageukia ukuta. Wengine walikuwa wamefunikwa nyuso, hawakumwona.

Injini alikuja kabla ya msimu wa mvua, siku ya kazi, saa ya chakula, kwa mlango wa nyuma. Alitembea kwa kujipima.

"Fundi, kaka yangu. Kuna kitu kimekaza hapa kiunoni. Nionyeshe ule mkao, ule wa goti moja mbele. Dakika tu. Mimi na wewe."

Fundi aliinua kioo cha kujikinga macho. "Jumamosi, baada ya mbio."

"Jumamosi kuna watu."

"Ulimsema dada yangu mbele ya watu. Utajinyoosha mbele ya watu."

"Una kinyongo, wewe."

"Ninacho," Fundi alisema, akashusha kioo, akawasha moto.

Zikapita Jumamosi nyingi. Klabu ilikimbia, ikapiga pushapu, ikaenda nyumbani. Kijana mmoja akachanika msuli wa paja, mwingine goti likamvimba, na mmoja mmoja wakaanza kukumbuka njia ya karakana, wakiingia na salamu za haraka kama watu waliochelewa ibada. Fundi aliwapokea. Hakuwapa tabasamu.

Kisha siku moja, watu wamekwisha kukaa, lango likaingiwa na kivuli kipana. Injini alikuwa amebeba kiti cha plastiki.

"Chini siwezi tena," alisema, kwa wote na kwa hakuna. "Nikikaa chini siinuki."

Hakuna aliyecheka. Fundi alinyoosha kidole kwenye viatu, maana viatu vilikuwa vinabaki mlangoni. Injini alijaribu kuinama. Mikono ikaishia magotini. Akajaribu tena, akahema, akasimama vilevile, kiti kikimning'inia mkononi.

Mama alitoka kwenye mkeka wa pindo la njano. Akaenda, akachuchumaa mbele yake, akaanza kufungua kamba.

"Mama, acha!" Fundi alisema. Hasira yote ilimrudia kwa mara moja, mbichi. "Mkewe yupo! Mwache arudi nyumbani akafunguliwe na mkewe!"

"Nyamaza, mwanangu," mama alisema bila kugeuka. "Kamba hii imekaza."

Injini alitazama kichwa cha yule mama kilichoinama miguuni pake, nywele zimesukwa na binti wa saluni kwa mtindo wa Uzi.

"Mama," alisema. "Yale niliyosema pale uani. Hayakuwa ya kweli. Niliogopa tu, nikasema."

"Nilikusikia ulipoyasema," mama alijibu. "Na sasa nimekusikia. Toa mguu."

Fundi akaenda kwenye pembe ya mikeka iliyokunjwa, akachomoa wa pindo jekundu. Hakuutandika mbele ulikokuwa ukikaa zamani. Aliutandika nyuma kabisa, karibu na nondo.

Sasa klabu hukimbia kila Jumamosi, na mbio zikiisha watu huingia karakanani. Mama hugawa taulo. Injini huja na kiti chake.